Kutoka Kambi za Jeshi hadi Bhiwani: Safari ya Ngumi za Ridhaa India

Agosti 2008, jijini Beijing, Vijender Singh alimshinda Carlos Góngora wa Ecuador kwa pointi 9 kwa 4 na kujihakikishia shaba ya uzito wa kilo 75. Ilikuwa medali ya kwanza ya India katika ngumi za Olimpiki, miaka 60 tangu nchi hiyo ipeleke mabondia London mwaka 1948. Baba yake Vijender alikuwa dereva wa mabasi ya jimbo la Haryana, na alifanya zamu za ziada ili wanawe wasikose ada na mazoezi. Kaka yake, Manoj, ndiye aliyetangulia ulingoni. Ngumi zikampatia kazi jeshini, na kazi hiyo ikamwezesha kumsaidia mdogo wake aendelee.

Anayetaka kuelewa jinsi ngumi za ridhaa zilivyokua India aanzie kwenye nyumba ya namna hiyo, ambako glavu ni njia ya kupata ajira.

Mchezo wenyewe uliletwa na Waingereza, ukaota mizizi katika vikosi vya jeshi na miji mikubwa ya bandari. Bombay ilipata chama chake cha ngumi mwaka 1925, na shirikisho la taifa likaundwa 1949, miaka miwili baada ya uhuru. Hata hivyo waliolea mabondia hasa walikuwa waajiri: jeshi, shirika la reli na polisi. Kijana mwenye ngumi nzito aliandikishwa kwa nafasi za wanamichezo, akapata mshahara, chakula, daktari na muda wa kujifua. Wasomaji wa Kenya na Tanzania, ambako mabondia wengi wametoka polisi, magereza na jeshini, wanaujua utaratibu huo.

Matunda yalionekana mapema. Mwanajeshi Padam Bahadur Mall alitwaa dhahabu kwenye Michezo ya Asia ya Jakarta mwaka 1962 na kutajwa bondia bora wa mashindano. Baada yake akaja Hawa Singh, askari wa Haryana aliyetawala uzito wa juu nchini kwa zaidi ya muongo mmoja. Alibeba dhahabu ya Asia Bangkok mwaka 1966, kisha akarudi mji huohuo mwaka 1970 na kuitetea.

Mwanajeshi mwingine, Kaur Singh, mtoto wa wakulima wa Punjab, alipanda ulingoni Delhi Januari 1980 kwa pambano la maonyesho dhidi ya Muhammad Ali.   Kaur Singh alitwaa pia dhahabu ya uzito wa juu kwenye Michezo ya Asia ya 1982.

Olimpiki ndiyo iliyobaki mfupa mgumu. Sydney 2000, Gurcharan Singh alikuwa amebakiza sekunde chache tu kuingia nusu fainali, Andriy Fedchuk wa Ukraine aliposawazisha, 12 kwa 12. Wakati huo pointi ilihesabiwa pale tu majaji watatu kati ya watano walipobonyeza kitufe karibu kwa pamoja. Pointi zikilingana, mibonyezo yote ya majaji ilihesabiwa upya. Hesabu hiyo ikampa ushindi Fedchuk.

Mwaka huohuo Hawa Singh alifariki dunia, siku chache kabla ya kupokea tuzo ya taifa ya makocha. Alikuwa ametundika glavu na kugeuka mwalimu Bhiwani, mji wa Haryana ulioko magharibi ya Delhi. Jagdish Singh akaendeleza kazi hiyo kwa kufungua klabu yake, nao vijana wa vijiji jirani wakawa wanafika alfajiri kujifua. Kocha wa Kuba, B.I. Fernandez, alikuwa kwenye timu ya taifa tangu miaka ya 1990, akiwanoa mabondia wapate pointi bila kutegemea nguvu peke yake. India ilipeleka mabondia watano Beijing, na wanne walitoka Bhiwani.

Mlango wa pili ulifunguliwa upande wa mashariki, katika jimbo la Manipur. Dingko Singh, mwanamaji wa jimbo hilo, alitwaa dhahabu ya Asia mwaka 1998, na binti wa wakulima aliyeitwa Mary Kom akavutiwa. Kati ya 2002 na 2018 Mary Kom alishinda ubingwa wa dunia mara sita, akiwa mama wa watoto katika sehemu kubwa ya kipindi hicho. Ngumi za wanawake zilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, London 2012, alirudi na shaba. Lovlina Borgohain wa Assam alipata shaba nyingine Tokyo.

Viongozi walikuwa wakivuta upande mwingine. Desemba 2012, miezi minne baada ya London, shirikisho lilifungiwa kimataifa kwa kasoro za uchaguzi. Chombo kilichoundwa 2014 hakikudumu, na hadi Shirikisho la Ngumi la India lilipoanzishwa 2016, mabondia walikuwa wamepoteza miaka wakiwa hawana chama imara, wengine wakipigana chini ya bendera isiyo ya nchi yao.

Wanawake ndio waliozibeba ngumi hizo baada ya hapo. Mwaka 2023 walitwaa dhahabu nne za dunia nyumbani, New Delhi. Paris 2024 timu nzima iliondoka mikono mitupu, lakini mwaka uliofuata, Liverpool, India ilipata medali nne za dunia, zote za wanawake. Jaismine Lamboria wa Bhiwani na Minakshi Hooda, binti wa dereva wa bajaji, walichukua dhahabu. Fedha ya uzito wa juu ilikwenda kwa Nupur Sheoran, mjukuu wa Hawa Singh.

Medali za Olimpiki za India katika ngumi ni tatu mpaka sasa, na zote ni shaba. Vipaji havijawahi kukosekana, waajiri na walimu wamefanya sehemu yao. Kinachodaiwa ni uongozi utakaodumu kuliko mzunguko mmoja wa Olimpiki.