Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ni utaratibu wa serikali ya Tanzania wa kuzipa fedha kaya zenye kipato duni, hasa zenye watoto. Unaendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), ulioanzishwa mwaka 2000. Mpango wenyewe ulianza mwaka 2012, na kipindi chake cha pili kilizinduliwa mwaka 2020.

Kaya hutambuliwa kwanza na wanakijiji wenyewe katika mkutano wa hadhara, kisha taarifa zake huhakikiwa. Ruzuku hutolewa kwa awamu, na mara nyingi anayepokea ni mama. Sehemu ya ruzuku huambatana na masharti: mtoto mdogo apelekwe kliniki, na wa umri wa shule ahudhurie masomo. Masharti haya yana maana pale tu zahanati ipo karibu na ina dawa. Mama anayetembea nusu siku kufika kliniki hastahili kukatwa fedha.

Nje ya mpango huu, matibabu yana njia yake. Kwa sera, watoto walio chini ya miaka 5 hutibiwa bure katika vituo vya umma, ingawa dawa zikikosekana mzazi hununua mwenyewe. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF), uliojaribiwa wilayani Igunga kuanzia 1996, ulilenga kuzipatia bima familia za vijijini. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inataka kila mkazi awe na bima, na wasio na uwezo wagharimiwe na mfuko maalumu.