Vitabu vya Kwanza vya Kujifunzia Kiajemi

Mtu atakaye kujifunza Kiajemi, yaani lugha ya watu wa Iran, hutafuta kwanza kitabu, na mara nyingi hukishika kile kilichoko karibu. Sisi twaona ya kuwa jambo hili lina hatari kuliko lionekanavyo. Vitabu vya kuanzia vya lugha hii viliandikwa kwa ajili ya watu mbalimbali wenye kazi mbalimbali, na vingi havisemi waziwazi vyafundisha Kiajemi cha nani. Askofu Steere, alipochapisha kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870, alikiandika jina la kuwa ni Kiswahili kama kisemwavyo Unguja. Basi msomaji alijua tangu ukurasa wa kwanza ya kuwa Mombasa angesikia mengine. Mwanafunzi wa Kiajemi hakupewa onyo kama hilo siku zote.

Kabla ya vitabu vya Wazungu, mtoto aliyesomeshwa Uajemi au Bara Hindi alitiwa mapema katika Gulistan, kitabu cha hadithi na maonyo alichokitunga Sa'di wa Shiraz mwaka 1258. Mwalimu alisoma, watoto wakafuatisha, wakahifadhi. Kwa mtoto wa Shiraz ilikuwa lugha ya nyumbani iliyopambwa. Lakini katika Bara Hindi Kiajemi kilikuwa lugha ya wafalme, ya mahakama na ya makarani. Walio wengi hawakukinyonya kwa mama zao. Karani wa Delhi aliweza kuandika barua nzuri kabisa kwa Kiajemi, wala asipate haja hata siku moja ya kununua mkate kwa lugha hiyo.

Waingereza wa Kampuni ya Mashariki ya Uhindi walikikuta Kiajemi mahali hapo, ofisini. William Jones, kijana ambaye alikuwa hajatimiza miaka 26, alichapisha sarufi yake London mwaka 1771, na katika dibaji alieleza ya kuwa watu wa Kampuni walikuwa wakipokea barua wasizoweza kuzisoma. Haja ilikuwa hiyo. Hata hivyo Jones alikuwa mpenzi wa mashairi, na mifano mingi aliitoa kwa washairi, hasa Hafez wa Shiraz. Kitabu chake kilipendwa, kikachapwa tena na tena. Lakini mtungaji hakuwahi kukanyaga nchi ya Uajemi, na mwanafunzi wake alitoka akijua kusifu waridi na bulibuli kabla hajajua kuuliza njia. Hatusemi hivi kwa kumdharau. Aliandika kwa ajili ya watu wa kusoma barua, na kusoma aliwafundisha. Sheria ya mwaka 1837 ndiyo iliyoanza kukiondoa Kiajemi katika mahakama za Kampuni, na mwanafunzi wa namna hiyo akapungua.

Hasara ya kuzichanganya lugha hizi mbili, ya wasomi na ya watu, iliwapata wenye kazi ya Injili. Henry Martyn, kasisi wa Kampuni katika Bara Hindi, alisimamia tafsiri ya Agano Jipya kwa Kiajemi pamoja na Mwarabu mmoja aitwaye Sabat. Wajuzi walipoisoma walisema imejaa Kiarabu na semi za wasomi, na mtu wa kawaida hataielewa. Ulikuwa ndio Kiajemi kile kile cha fahari kilichofundishwa vitabuni. Martyn, ingawa alikuwa mgonjwa wa kifua, aliona hakuna dawa ila kwenda kwa wenyewe. Alifika Shiraz mwaka 1811, akakaa karibu mwaka mzima pamoja na Mirza Sayyid Ali, mwenyeji wa mji, wakalitafsiri upya neno kwa neno. Mwanzoni mwa 1812 kazi ya Agano Jipya ilikwisha. Martyn alikufa Tokat, katika nchi ya Waturuki, tarehe 16 Oktoba 1812, akiwa na miaka 31. Tafsiri ikachapwa St. Petersburg mwaka 1815. Walimu wetu waliopata kuhubiri kwa Kiswahili cha kitabuni mbele ya wazee wa kijiji watafahamu upesi kwa nini alisafiri.

Katika chuo cha Kampuni huko Haileybury, Uingereza, alifundisha tangu 1826 hata 1844 Mwajemi mwenyewe, Mirza Muhammad Ibrahim. Sarufi yake ilitoka mwaka 1841, na ndani yake yamo mazungumzo. Fleischer wa Leipzig aliigeuza kwa Kijerumani mwaka 1847, akaiita sarufi ya lugha ya Kiajemi iliyo hai. Jina hilo latutosha kuonyesha walichokuwa wakikikosa.

Yatupasa sasa tueleze kidogo lugha yenyewe, maana ubora wa kitabu cha kwanza hupimwa hapo. Kiajemi huandikwa kwa herufi za Kiarabu 28 na nyingine 4 zilizoongezwa, kwa sauti za p, ch, g, na ile zh ambayo sisi hatuna. Irabu fupi haziandikwi. Herufi tatu k-r-m zaweza kusomwa karam, yaani ukarimu. Au kerm, yaani funza. Au kerem, mafuta ya kujipaka. Mwenyeji hupambanua kwa maana ya sentensi, lakini mgeni wa siku ya tatu atapambanuaje? Tena kuna kiungo kidogo -e kifanyacho kazi ya -a yetu ya kumiliki: ketab-e pedar, kitabu cha baba, na hata sifa huungwa hivyo hivyo, ketab-e bozorg, kitabu kikubwa. Mswahili hufurahi hapa, kwa kuwa kiungo hakigeuki kufuata ngeli, wala mtu mume na mtu mke hawatengwi: u ni yeye, basi. Lakini kiungo hicho nacho kwa kawaida hakionekani katika maandishi. Kwa hiyo kitabu cha kwanza kisichoandika matamshi kwa herufi za Kirumi kando ya zile za Kiajemi, walau katika masomo ya mwanzo, humwacha mwanafunzi asiye na mwalimu gizani. Na kile kiandikacho kwa herufi za Kirumi peke yake humpa ulimi bila macho. Hataweza kusoma hata kibao cha duka.

Mwishoni mwa karne ya 19 vilikuja vitabu vya watu waliokaa nchini. Friedrich Rosen, Mjerumani, alitoa mwaka 1898 sarufi ya Kiajemi cha mazungumzo, na kwa masomo ya kusomwa alitia habari za safari alizoziandika Shah Nasir ed-Din mwenyewe. Mwaka 1902 alifuata W. St. Clair Tisdall, mmisionari wa C.M.S. aliyekuwa Julfa, mtaa wa Waarmenia wa Isfahan. Kitabu chake kimepangwa kwa masomo: sarufi kidogo, maneno, zoezi la kutafsiri huku na huku, mazungumzo. Sisi twakipenda, na hatufichi upendeleo wetu kwa kitabu cha mwalimu. Tisdall alijua ya kuwa msomaji wake atatoka nyumbani asubuhi, atasema na mwuza mboga, na alasiri atapokea barua ya heshima ya mkuu wa mji. Akamtayarisha kwa yote mawili.

Baada yake L. P. Elwell-Sutton alitoa Colloquial Persian mwaka 1941, mwaka ule ule majeshi ya Uingereza na Urusi yalipoingia Iran. Mwaka 1953 Ann Lambton, aliyefanya kazi katika ubalozi wa Uingereza Tehran wakati wa vita, alichapisha Persian Grammar. Ni kitabu imara, na sehemu yake ya pili yote ni juu ya Kiarabu kilichomo ndani ya Kiajemi. Kwa msomaji wa vitabu sijui kipi cha zamani kingemfaa zaidi. Lakini aliyesoma hicho peke yake atasema nan, na duka zima la Tehran lasema nun, mkate. Atasema khane, wenyewe wasema khune, nyumba. Atasema miravam, wao miram, naenda. Hawatamcheka. Watamjibu kwa adabu kubwa, kana kwamba amekuja kusoma hotuba.

Maneno nayo yamehama. Chuo cha lugha kilichoanzishwa Tehran mwaka 1935 kilibadili mengi yaliyotoka Kiarabu: ofisi ya mji, iliyokuwa baladiyye, ikawa shahrdari; eropleni, iliyokuwa tayyare, ikawa havapeyma. Mwenye Tisdall asikitupe kitabu chake kwa sababu hiyo. Sarufi haikuhama, na maneno ya ofisi ayaulize upya. Wala asidhani ya kuwa maneno tuliyo nayo sisi pwani, bandari, pamba, rangi, dirisha, yatamfikisha mbali. Serikali yetu yatokana na sarkar, lakini Iran leo ukimwita mtu sarkar umemwita kwa heshima, kama askari polisi.

Na kabla ya kununua chochote aulize aendako. Kabul simba ni sher na maziwa ni shir. Tehran yote mawili ni shir. Dushanbe, kwa Watajiki, lugha ni hiyo hiyo, lakini huandikwa kwa herufi za Kirusi, na mwenye kitabu cha Tehran huko atasikia mengi asiweze kusoma tangazo la ukutani.