Meli Iliyozikwa Ziwani: Kutoka Goetzen Hadi Liemba



Mhariri aliniomba niandike habari za jengo la kale la mji wetu lililobomolewa na vita kisha likajengwa upya. Wenzetu wanayo mengi. Mji mkongwe wa Warsaw, kule Poland, ulijengwa karibu wote upya baada ya Vita Kuu ya Pili. Hapa Kigoma nilitafuta nikachoka. Kitu chetu kilichoangamizwa vitani kikarudishwa hakikusimama juu ya ardhi. Ni meli.

Iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa yote na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Ilivuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapakiwa kwenye treni ya Reli ya Kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Hapa mafundi watatu wa Kijerumani, wakiongozwa na Anton Rüter, pamoja na vibarua wengi wa kwetu, waliiunganisha tena ribiti baada ya ribiti. Ilishushwa majini Februari 1915, vita vikiwa vimekwisha kuwaka, ikaitwa Goetzen. Huyo von Götzen ndiye aliyekuwa gavana wakati wa Maji Maji, na wananchi wa kusini wanajua alivyoizima vita ile kwa moto na njaa.

Mwaka 1916 ndege za Wabelgiji ziliishambulia Kigoma kwa mabomu, na majeshi yao yakakaribia. Wajerumani wakaamua kuondoka. Hapa ndipo pananifurahisha mimi. Badala ya kuilipua meli, waliipaka mitambo yake grisi nene, wakaijaza mchanga, na tarehe 26 Julai wakaizamisha taratibu karibu na Kigoma. Mtu anayeharibu kitu hakipaki mafuta. Wale walikuwa wanakiweka akiba, wakitumaini kurudi.

Hawakurudi. Wabelgiji waliinyanyua, lakini ikazama tena kwa dhoruba. Mwaka 1924 Waingereza wakaitoa majini, na ile grisi ikawa imefanya kazi yake: injini na maboila yalikuwa bado yanafaa! Baada ya matengenezo ilianza safari tarehe 16 Mei 1927 kwa jina la Liemba, jina la ziwa ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini. Kwa hiyo jina la gavana lilibaki chini ya maji, na mimi silililii.

Wako wanaobisha kwamba hii si meli ile ile, kwa sababu katika miaka ya 1970 injini za mvuke ziliondolewa zikawekwa za dizeli. Ubishi huo nauachia wanafalsafa wa kidato cha sita. Mimi nilikuja shuleni kutoka Kirando kwa Liemba. Haikufika nchi kavu; ilitia nanga mbali, tukaifuata usiku kwa mitumbwi, sanduku la bati miguuni, tukavutwa juu kwa mikono huku akina mama wakipiga kelele juu ya magunia yao ya dagaa. Mwaka 1997 meli hiyo hiyo ilirudisha wakimbizi zaidi ya 75,000 kwao Kongo, na mwaka 2015 iliwachukua Warundi kutoka Kagunga. Meli iliyowahi kubeba mizinga!

Jambo moja linanisumbua. Majina ya Wajerumani wale watatu yameandikwa. Lakini waliobeba masanduku 5,000, waliogonga ribiti, waliojaza mchanga na baadaye kuutoa, sijawaona kwa majina katika kitabu chochote nilichosoma. Nao walikuwa na watoto na wajukuu, na baadhi ya wajukuu hao nilikaa nao dawati moja. Ikiwa nyumbani kwenu, Ujiji, Mwanga au Gungu, kuna anayekumbuka babu aliyefanya kazi hiyo, andikeni jina lake na la kijiji chake, mmletee mhariri. Ameahidi kuyachapa yote katika toleo lijalo.