Kofia Tatu Mezani: Madogo wa Marekani Wanavyochagua Chuo, na Digrii Ilivyogeuzwa Chambo

Kila ikifika Desemba na Februari, mitandao ya Marekani inajaa video za aina moja. Dogo wa miaka 17 au 18 kakaa mezani, mama pembeni, bibi nyuma, mbele yake kofia tatu za vyuo vitatu. Anazuga kushika moja, anaiacha, anavaa nyingine. Ukumbi unalipuka!

Ndiyo usajili wa mpira wa Kimarekani huo, ule wa kubeba mkononi na kugongana. Kule huwezi kutoka sekondari ukaenda moja kwa moja kula mkwanja wa ligi kuu. Lazima ipite miaka 3 tangu umalize sekondari, kwa hiyo karibu wote wanapitia chuo. Na kocha akija sebuleni kumtongoza dogo, neno analomwambia mama ni lilelile miaka yote: mwanao atapata digrii.

Hiyo ahadi ina historia, na siyo tamu kivile.

Mwaka 1955 mchezaji wa chuo kimoja kidogo cha Colorado aliumia kichwa uwanjani akafariki. Mjane wake akadai fidia, ile anayolipwa mfanyakazi akifia kazini. Mwaka 1957 mahakama kuu ya jimbo ikamkatalia, ikisema chuo hakifanyi biashara ya mpira. (Leo baadhi ya vyuo vina viwanja vya watu zaidi ya 100,000, lakini tuendelee.) Ni miaka hiyohiyo ambapo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilianza kulazimisha jina la "mwanafunzi-mwanamichezo". Jina linapendeza, ila kazi yake ilikuwa kuhakikisha mchezaji haitwi mfanyakazi. Malipo yake yakawa shule: kuanzia 1956 vyuo viliruhusiwa kumlipia mchezaji ada na matumizi. Mwaka 1973 ufadhili ukageuzwa wa mwaka mmojammoja. Ukiumia goti au ukigombana na kocha, mwakani unaweza usiwepo.

Sasa je, hiyo shule waliipata?

Mei 1989 jamaa mmoja mwenye mwili wa jabali alikaa mbele ya maseneta mjini Washington. Alikuwa bingwa mara mbili wa ligi kuu, mmoja wa watu waliotisha kuliko wote katika kumkimbiza mrusha mpira wa timu pinzani. Alilia. Aliwaeleza kwamba alipita shule ya msingi, sekondari na miaka minne ya chuo kikuu cha Oklahoma State bila kujua kusoma. Kilichomshtua ni usiku mmoja wa 1985, mrusha mpira wa timu yake alipovunjika mguu mbele ya kamera na safari ya mpira ikaishia pale. Akajiuliza yeye ikimkuta atakula wapi. Akaenda kuanza kusoma upya, mtu mzima na umaarufu wake wote. Walimu wangapi walimpa alama za kupita? Hapo ndipo penye aibu, na siyo ya kwake.

NCAA walikuwa wameshaona moto. Kuanzia 1986 walidai wastani wa 2.0 katika masomo 11 ya msingi, pamoja na alama 700 kati ya 1600 za mtihani wa kitaifa. Wakuu wa vyuo vya watu weusi walipinga, wakisema mtihani huo unawabana watoto wa shule maskini. Ubishi ulidumu hadi 2023, mtihani ulipofutwa kabisa kwenye masharti hayo. Na kufaulu kuingia hakukumaanisha kufundishwa: mwaka 2014 ripoti ilionyesha chuo kimoja kikubwa cha North Carolina kiliendesha madarasa hewa kwa miaka 18. Hakuna kipindi, unaandika karatasi moja tu, na msahihishaji alikuwa karani wa ofisi. Zaidi ya wanafunzi 3,100 walipita humo, karibu nusu yao wanamichezo.

Ndiyo maana madogo wajanja hawaulizi tu jezi na jumba la mazoezi. Wanauliza: nikitaka uhandisi, mazoezi yatagongana na maabara? Kocha akihama nabaki na nani? Hilo la mwisho si dogo, maana kuanzia 1964 hadi 2024 ile barua ya kusaini ilimfunga mchezaji kwa chuo, wakati kocha aliyemshawishi alikuwa huru kuondoka wiki inayofuata.

Tangu Julai 2021 mchezaji anaruhusiwa kuuza jina lake, na kuanzia 2025 chuo chenyewe kinaweza kuwagawia wanamichezo wake mkwanja, kikomo cha mwaka wa kwanza kikiwa dola milioni 20.5. Kuhama nako kumekuwa rahisi, kuna wanaopita vyuo vitatu wakifuata dau. Ila masomo uliyofaulu chuo cha kwanza hayahamii yote chuo cha pili. Dogo anafika mwaka wa nne, akaunti imenona, na akienda kwa msajili anaambiwa digrii bado iko mbali.