Manyatta ya Bismillahi

Ukitoka Garissa kuelekea kaskazini, ukapita Modogashe na Habaswein, unafika Wajir, mji wa visima vifupi vilivyochimbwa katika mawe ya chokaa. Visima ndivyo vilivyouzaa mji huu. Wafugaji Wasomali huleta ngamia kunywa, kisha hushika njia. Kwao, kuhama ndiko kuishi: mvua ikisikika imenyesha mahali, kibanda kinabomolewa, mikeka inafungwa juu ya ngamia, na jamaa wanaifuata mvua.

Sasa mwambie mtu wa maisha hayo kwamba ana kifua kikuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 tiba ya kawaida ilidumu mwaka mzima au zaidi. Akibaki mjini, mifugo inamwacha. Akiondoka, dawa inakatika, na TB iliyokatiwa dawa katikati huweza kurudi ikiwa sugu. Juu ya hayo kulikuwa na aibu. Mgonjwa alitengwa, jamaa wakaificha habari yake, na wengi walikufa kimyakimya.

Aliyelishughulikia tatizo hili hakuwa na cheti cha uuguzi. Annalena Tonelli alizaliwa Forlì, Italia, tarehe 2 Aprili 1943, akasomea sheria. Mwaka 1969, akiwa na miaka 25, alikuja Kenya kufundisha shule, na baadaye akaelekea Wajir. Alikuwa Mkatoliki wa sala nyingi, lakini hakuwa mtawa, wala hakutumwa na shirika lolote. Fedha zilitoka kwa kamati ya marafiki na jamaa huko Forlì.

Wenyeji walimshangaa. Mwanamke, mzungu, Mkristo, na tena hajaolewa! Katika jamii inayomtambua mtu kwa ukoo na ndoa, huyu awekwe wapi? Yeye alikuwa amechagua kutoolewa ili awe huru kuwatumikia maskini. Wanawake wachache walikuja kuishi naye, na pamoja wakafungua kituo cha watoto waliolemazwa na polio, pamoja na viziwi na vipofu. Hiyo ndiyo ikawa familia yake. Kwenye wodi alijifunza kazi ya mikono: kuosha vidonda, kulisha asiyeweza kujilisha, kukesha na anayekata roho. Masomo ya kutibu TB, magonjwa ya kitropiki na ukoma aliyafanya baadaye, ukubwani.

Wakati huohuo, majaribio yaliyofanywa katika nchi za Afrika Mashariki kwa ushirikiano na watafiti wa Uingereza yalikuwa yameonyesha kwamba rifampisini, ikichanganywa na dawa nyingine, inaweza kuponya TB kwa miezi 6. Swali likawa moja: mhamaji utamkalishaje miezi 6?

Jibu lilipatikana mwaka 1976, mbele ya kituo cha watoto. Badala ya kujenga wodi, wagonjwa walisimamisha vibanda vyao wenyewe, vya miti iliyopindwa na mikeka, vilevile kama vya nyikani, wakaishi humo na jamaa zao. Mahali pakaitwa Manyatta ya Bismillahi. Kila siku mgonjwa alipokea vidonge vyake na kuvimeza papo hapo, mbele ya macho ya mtoa dawa. Hakuna kwenda navyo nyumbani, hakuna kuvificha kwenye shuka. Aliyepona alivunja kibanda chake na kurudi kwa ngamia wake. Shirika la Afya Duniani liliiunga mkono kazi hiyo kama mradi wa majaribio, na katika miaka ya 1990 likahimiza dunia nzima itumie tiba ya namna hiyo, mgonjwa akimeza dawa chini ya uangalizi. Mzee mmoja alimwambia Annalena kwamba wao Waislamu wana imani, naye ana upendo. Maneno hayo aliyakumbuka hadi uzeeni.

Lakini mtu aliyezoea kutazama kila kidonge kikimezwa hawezi kufumba macho mahali pengine. Tarehe 10 Februari 1984, katika operesheni ya kusaka silaha, askari waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, yapata kilomita 15 kutoka mjini. Walivuliwa nguo, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji wala chakula. Wengi walikufa kwa kiu, kwa moto na kwa risasi, na maiti zikatupwa porini. Annalena na wenzake walitoka na gari, wakawaokota walio hai na kuwazika waliokufa. Kisha akafanya jambo la hatari kuliko yote: aliandika majina. Orodha na picha zilivuka mipaka kupitia mke wa mwanadiplomasia wa Marekani. Serikali ilikiri vifo 57. Miaka 29 baadaye, ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 ilitaja karibu watu elfu moja, na wenyeji wanasema ni zaidi ya hapo sana.

Mwaka 1985 alifukuzwa Kenya. Baadaye alivuka kwenda Somalia, akahudumu Merca wakati wa vita na njaa. Mwaka 1996 alifika Borama, Somaliland, akafungua hospitali ya TB na shule ya watoto viziwi. Kulikuwa na waliompenda, na kulikuwa na waliomrushia mawe, hasa alipoanza kuwapokea wenye virusi vya Ukimwi na kupinga ukeketaji. Juni 2003 alipewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa huduma yake kwa wakimbizi na wahamishwa.

Baada ya sherehe za tuzo huko Geneva angeweza kupumzika Forlì. Umri ulikuwa miaka 60. Alirudi Borama. Jioni ya tarehe 5 Oktoba 2003 alipigwa risasi katika hospitali yake mwenyewe, akafa. Wagonjwa walikuwa bado katikati ya miezi yao 6, na kesho yake asubuhi ilibidi mtu mwingine asimame mbele yao na vidonge, awatazame wakimeza.