Emali ni ya nani?

Kama kawaida hapa hatutaji chama wala mheshimiwa. Swali ni lile linalofufuka kila msimu wa kampeni: Emali ni ya Makueni ama ya Kajiado?

Tuanze na reli. Ilianza kujengwa Mombasa 1896 na kufika Nairobi 1899. Watu husema ilileta stesheni na maduka, na ni kweli, lakini ilileta pia mstari. Serikali ya kikoloni ilipowahamisha Wamaasai kutoka Laikipia baada ya mkataba wa 1911, iliwaweka kwenye hifadhi moja kusini mwa reli. Wakamba nao wakawekewa ya kwao upande wa Machakos. Njia ya treni ikageuka mpaka wa kabila. Siku hizi mtu anaposimama jukwaani kuapa kwamba mpaka "wa mababu" ni reli, jiulize ni babu gani aliyeuchora.

Mifugo nayo ina historia yake ya siasa. Mwaka 1938 wakoloni walianza kuwapunguzia Wakamba ng'ombe kwa nguvu, wakisema ardhi imechoka. Wanyama walinunuliwa kwa bei ya kutupa na kupelekwa kiwanda cha nyama Athi River. Watu wakatembea kwa miguu hadi Nairobi, wakakaa huko wiki kadhaa wakitaka kumwona gavana. Kiongozi wao alikamatwa, akapelekwa Lamu. Lakini serikali ilirudi nyuma. Kwa hiyo ukimwona mzee wa Ukambani anakasirika kwa sababu ya ada ya ng'ombe, usidhani ni ubahili tu.

Sasa njoo Emali Ijumaa, siku ya mnada. Ng'ombe na mbuzi wanaingia kutoka upande wa Umaasaini, mabroka wanaongea Kikamba, Kimaasai na Kiswahili ndani ya sentensi moja, na barabara ya Loitokitok inamwaga nyanya na vitunguu pale pale kwenye barabara kuu ya Mombasa. Mama wa ndengu anamuuzia morani, morani anampa boda hela ya kumfikisha nyumbani. Hakuna anayeuliza kaunti. Anayeuliza ni mwenye kitabu cha risiti.

Na hapo ndipo penyewe, bana. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti masoko, leseni za biashara na hata minada ya mifugo. Mpaka ukisogea mita chache, pesa zinahama na ofisi iliyozikusanya. Ndiyo maana ugomvi unavaa nguo za ukabila ilhali mwili wake ni ushuru.

Je, gavana anaweza kuusogeza mpaka? Hapana. Wala mbunge mmoja hawezi, hata akiahidi kwa kipaza sauti. Kifungu cha 188 kinataka tume huru ipendekeze kwanza, halafu theluthi mbili ya wabunge wote ikubali, na theluthi mbili ya kaunti zote kwenye Seneti. Tume hiyo lazima iangalie pia maoni ya wakazi na gharama ya utawala, si historia peke yake. Anayekuahidi kumaliza hilo kwa siku mia moja anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Mimi kinachonisumbua zaidi ni kifungu cha 209, ambacho sijasikia kikitajwa kwenye mkutano wowote. Kinasema serikali inaweza kutoza ada kwa huduma inazotoa. Inazotoa! Yaani maji ya mifugo, choo, taa, uzio. Na kinakataza kaunti kutumia mamlaka yake ya kodi kuumiza biashara inayovuka mipaka ya kaunti. Mfugaji aliyelipia fahali wake upande mmoja wa reli, akidaiwa tena upande wa pili, ana hoja ya kikatiba mkononi. Ada hizo hupangwa kwenye mswada wa fedha wa kaunti, na kabla haujapitishwa lazima wananchi waulizwe maoni. Ukisikia kikao kimeitishwa, nenda na risiti zako.