Jina Lililofutwa (Sehemu ya Nne)

ILIPOISHIA: Binti alifuatilia ukoo wake hadi kwa Robert Williams, aliyefika Roxbury, Massachusetts, mwaka 1637 akitokea Norwich, Uingereza. Lakini kwenye watoto wa mjukuu wake, Mchungaji John Williams wa Deerfield, akakuta jina limepigwa wino mzito: Eunice. SASA ENDELEA…

"Nani alilifuta, Bibi?"

Bibi alivua miwani, akaifuta taratibu mno.

"Ilikuwa tarehe 29 Februari 1704. Theluji ilikuwa imerundikana kwenye ukuta wa magogo hadi ikageuka ngazi. Kabla ya alfajiri, Wafaransa na washirika wao wenyeji wakaupanda, wakaingia kijijini. Mtoto mchanga wa mchungaji aliuawa pamoja na Parthena."

"Parthena? Mbona humu hayumo?"

"Atakuwamo vipi? Alikuwa mtumwa wao." Bibi akaguna. "Waliikimbia Uingereza wapate kuabudu watakavyo, mjukuu wangu, halafu nao wakamiliki watu."

Mateka 112 wakaswagwa kwenye theluji kuelekea Kanada. Mke wa mchungaji, ambaye uzazi ulikuwa bado haujamtoka mwilini, aliishiwa nguvu baada ya kuvuka mto. Wakamuua. Eunice, wa miaka saba, akaendelea na safari.

"Kwa hiyo alifia huko njiani," binti akasema, machozi yakimlenga.

"Nani kakwambia alikufa?"

Binti akanyanyua uso.

Baba mtu aliachiwa, akarudi Deerfield mwaka 1706. Eunice hakuachiwa. Wamohawk wa Kahnawake, karibu na Montreal, walishamfanya mtoto wao. Akabatizwa Mkatoliki, Kiingereza kikampotea. Kwa mchungaji wa Kipuritani, heri angeletewa habari za msiba: msiba una matanga, lakini binti aliyeingia dini ya Papa unamwombolezaje?

Mwaka 1713 akaenda John Schuyler wa Albany kumfuata. Alimkuta msichana wa miaka 16, ameshaolewa na kijana wa Kimohawk, Arosen. Wakakutana nyumbani kwa padri. Schuyler akamsihi kwa Kiingereza, kimya. Akamsihi kwa mkalimani; kimya. Akamwapia kwamba akimwona tu baba yake, atamrudisha papo hapo. Karibu saa mbili nzima, Eunice ameketi kama hasikii.

"Kisha akafungua kinywa."

"Akasema nini?"

Mlango ukagongwa. Bibi akashtuka kuliko mtu anayesikia mlango tu. "Usifungue!"

Binti alikuwa ameshafungua. Kizingitini alisimama mzee wa Kimohawk, mkononi kashika barua ambayo binti aliitambua mara moja. Ule ulikuwa mwandiko wa Bibi.

"Nimetoka Kahnawake," akasema. "Mimi ni wa Eunice."

ITAENDELEA WIKI IJAYO